Kitunguu cha MC

Mimi ni MC wa harusi, mtu wa kulipwa kwa kupiga domo. Ugonjwa ulipoingia mjini na mikusanyiko ikapigwa marufuku, wenzangu waligeuza kibao haraka: fundi cherehani akashona barakoa, kinyozi akafuata vichwa majumbani. Mimi nilibaki na suti tatu, kipaza sauti na spika kubwa. Hakuna hata kimoja kinachochemshwa kikaiva.

Tukaacha kunywa chai ya asubuhi, kisha tukaacha kula mchana. Mama watoto akasema twende tujieleze kwa mwenyekiti wa mtaa. Nikakataa katakata.

"MC mzima nikaombe unga? Watu watasema nini?"

"Watasema una njaa. Kwani uongo?"

Badala yake nikabuni mbinu ambayo nikiikumbuka natamani kujizaba kibao. Kila jioni nilifungua dirisha, nikakaanga kitunguu kimoja huku nikigonga mwiko kwenye sufuria kama mpishi wa wageni mia. Majirani wakipita walisema, "Kwa MC kunanukia!" Nami nikajibu, "Karibuni!" kwa sauti ya ukumbini, nikimwomba Mungu asikaribie mtu. Kisha tulikula uji wa chumvi na kile kitunguu. Nilikuwa nakufa na tai shingoni, na tai yenyewe nilikuwa nimeivaa kweli.

Asubuhi moja mwenyekiti alibisha hodi. Moyo ulinidunda kwa furaha.

"MC, tumepata unga na maharage kwa nyumba zenye shida. Nyinyi tunajua mko vizuri, kila siku mnakaanga. Tunaomba spika yako, utuitie watu."

Mke wangu alinitazama. Mtu mwenye akili angesema pale pale. Mimi nikasema, "Bila shaka, tena bure!"

Basi nikasimama uwanja wa shule na suti yangu ya bluu. Watu walipanga foleni wakiachiana nafasi. "Wenye uhitaji, karibuni mbele!" nilinguruma. "Sisi tulioshiba tuwapishe!" Wakanipigia makofi. Yalikuwa matamu, sikuwa nimeyasikia tangu harusi zisimame, na kwa kitambo nikasahau tumbo.

Ndipo nikamwona mama watoto kwenye foleni, beseni mkononi, binti yetu mdogo ubavuni. Alipofika mbele, mwenyekiti alishangaa.

"Lakini kwenu kila jioni tunasikia mnapika!"

"Kitunguu," mke wangu alijibu. "Kimoja."

"Na jana hakikuwepo," binti akaongeza. "Baba aligonga sufuria tu."

Uwanja mzima ulinigeukia. Mwenyekiti akashusha kopo la kupimia.

"Nyumba yenu hatukuihesabu. Nikikupa, kila mmoja hapa anapunguziwa. Baba wa nyumba aseme mwenyewe."

Nilitafuta utani, nikakosa. Niliona aibu, lakini niliona pia beseni la mke wangu, tupu.

"Tuna njaa," nilisema kwenye kipaza sauti.

Kisha fundi cherehani akapaza sauti kutoka mwisho wa foleni: "MC, rudia! Huku nyuma hatukusikia!"

Watu wakacheka, hata mke wangu. Mwenyekiti akachota unga. Nami nikarudia, safari hii bila kipaza sauti.