Hina Iliyotoka Sojat

Desturi ya watu wa mji wa Pali inajulikana: upande wa bwana harusi huleta hina, bangili na sinia za peremende. Hakuna mahali desturi hiyo inaposema kwamba wataleta na mtu wa kuichora. Kwa hiyo Manbhar, mama wa bibi harusi, alipomwona mwanamke mnene mwenye mtandio wa kijani akishuka kwenye gari la wakwe wa binti yake, amekumbatia bati la hina kama mtu aliyebeba kichanga, moyo ulimlipuka.

Mwanamke alisema anaitwa Pista, ametoka Sojat, na ametumwa na mama yake bwana harusi. Mama huyo ameagiza kwamba mikono ya mkwe wake isiguswe na mchora hina mwingine.

"Karibu, dada," Manbhar alisema. Mdomo ulitabasamu, macho yakakataa.

Manbhar alikuwa amekwisha kumpata mchora hina wake, msichana wa mtaa wa pili. Hakumchagua kwa ufundi. Alimchagua kwa sababu alijua kufunga mdomo. Mpambaji wa kumpaka bibi harusi poda na wanja naye alichaguliwa kwa kipimo hichohicho. Maana Bhavika, binti yake wa pekee, mwalimu wa hesabu, msichana mwenye macho ya kumfanya mtu asahau alichokuja kusema, alikuwa na mbalanga. Ilianza miaka miwili nyuma: baka jeupe kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, kisha jingine kama jani juu ya mguu wa kulia. Haliumi, haliambukizi, daktari alisema. Lakini posa haisikilizi daktari. Familia moja ya Jodhpur ilikuja, ikanywa chai, ikaona kifundo cha mkono, ikaaga kwa adabu nyingi na haikurudi tena.

Tangu siku hiyo Manbhar alimvalisha binti yake mikono mirefu, hata katika joto la mwezi wa tano. Lokesh na wazazi wake walipokuja kutoka Sojat, alimketisha Bhavika upande wenye kivuli na akamimina chai yeye mwenyewe. Posa ikapita. Hina ikichorwa mnene kutoka vidoleni hadi viwikoni, nani ataliona baka? Na baada ya ndoa, kila mume huona mengi, akanyamaza. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake, na sasa huyu Pista amekuja kuivuruga.

Pista hakuwa na haraka. Alikataa chumba cha ndani, akataka dirishani penye jua. Akaomba maji ya limau, akamwosha Bhavika mikono na miguu kwa kitambaa, polepole, huku akigeuza kila kiungo kwenye mwanga kama mnunuzi wa kitambaa anayetafuta uzi uliokatika. Alipofika kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, kitambaa kikasimama.

"Aliungua mafuta," Manbhar aliharakisha kusema. "Akiwa mdogo. Tulikuwa tunakaanga mikate."

"Mafuta," Pista akarudia, kama mtu anayeonja neno kujua kama limeiva.

Hakusema zaidi. Akakata ncha ya koni yake ya karatasi iliyojaa hina na kuanza kuchora. Hata Manbhar, pamoja na chuki yote aliyokuwa nayo, hakuweza kukana: mkono ule ulijua kazi. Mistari ilitoka myembamba kama unywele, ikawa tausi, ikawa maua ya yungiyungi, ikawa kisanduku kidogo ambamo jina la Lokesh lilifichwa ili alitafute mwenyewe usiku wa harusi. Baka likazama chini ya majani. Lakini Manbhar hakuondoka chumbani. Alichambua dengu ambazo zilikwisha kuchambuliwa. Alimwona Pista akimwinamia Bhavika na kumnong'oneza kitu, na Bhavika akitikisa kichwa. Alipouliza wanasema nini, Bhavika alisema wanazungumzia joto.

Saa sita mikono yote miwili ilikuwa tayari. Pista akasema hina ikauke kwanza ndipo aanze miguu. Akaacha koni zake kwenye bakuli dirishani, akachukua simu, akapanda juu ya paa.

Manbhar alichukua beseni la nguo na kumfuata. Alisimama nyuma ya shuka zilizoanikwa, akasikiliza.

"Nimeona kwa macho yangu," Pista alikuwa akisema. "Mkononi na mguuni. Ni vilevile ulivyoniambia... Mama mtu anasema ni mafuta." Akacheka kidogo. "Hapana, hajui chochote. Na wewe usiseme kitu mpaka nimalize miguu."

Beseni lilimwelemea Manbhar mikononi. Kwa hiyo wanajua. Kuna mtu amewapelekea habari, na wao wamemleta huyu kuhakikisha. Sasa wananyamaza, lakini kwa nini? Mtu anayejua na kunyamaza ana jambo lake. Aliiona kesho mbele ya macho yake: wageni mia nne wameketi, moto wa ndoa umewashwa, na mama yake bwana harusi anasimama na kusema harusi hakuna, mmetuuzia mali yenye kasoro.

Kisha wazo jingine likamjia, baya zaidi. Kwa nini walisisitiza hina yao? Mjini watu wote husema hina ikikolea, mama mkwe atampenda bibi harusi. Ikififia, ole wake. Vipi kama kuna kitu kwenye hina hiyo? Vipi kama wameichanganya isishike, au ishike kote isipokuwa penye baka, ili mguu mweupe ujitangaze wenyewe mbele ya watu?

Alishuka upesi. Kabatini kulikuwa na koni tano ambazo yule msichana wa mtaa wa pili alikuwa amezileta jana, zile za kukolea kwa nusu saa, nyeusi tii. Chumbani Bhavika alikuwa amefumba macho, mikono ameinyoosha juu ya mito. Manbhar alizichota koni za Pista bakulini na kuweka zake. Za Pista alizisukuma chini ya unga, ndani ya debe. Alijisikia, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kama mama anayemlinda mwanawe.

Pista alirudi, akala mikate miwili na dengu, akasifu pilipili, akaketi miguuni pa Bhavika. Alianza na mguu wa kulia. Alichora duara juu ya baka na kulijaza. Akachora jani la kwanza, la pili. Mkono ukasimama. Akaitazama ncha ya koni. Akaipeleka puani.

"Hii si hina yangu," alisema.

Pista hakungoja jibu. Alivuta kitambaa, akakichovya kwenye mafuta ya nazi, akaanza kusugua mguu kwa nguvu, akimwambia Manbhar alete maji, maji mengi, haraka. Bhavika akasema kwa sauti ndogo kwamba panawasha. Kisha akasema panachoma. Maji yalipofika, juu ya baka palikuwa pamekwisha kuwa pekundu kama ulimi.

"Nani ameingia humu?" Pista aliuliza, bado akimwagia maji. "Hii ni piko. Dawa ya nywele wameikoroga na matope ya kijani. Mama Bhavika, nani amezigusa koni zangu?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye uliyekuja nazo."

Pista alimtazama. Halafu uso wake nao ukabadilika, ukawa wa mtu aliyeelewa, au anayedhani ameelewa. "Kumbe. Mna mtu wenu wa hina, nimemnyima kazi. Sasa mnataka nirudi Sojat nikiitwa mwuaji wa ngozi za watu. Miaka ishirini na sita nachora, dada. Hujanipata."

"Wewe ni mpelelezi!" Manbhar alisikia sauti yake ikipanda na hakuweza kuishusha. "Nimekusikia kule juu. 'Nimeona kwa macho yangu, usiseme mpaka nimalize.' Si maneno yako hayo? Mwambie huyo aliyekutuma kwamba mwanangu si ng'ombe wa kukaguliwa mnadani."

"Ulisikia nusu."

"Nusu inatosha."

"Mama," Bhavika alisema. Mikono yake ilikuwa bado imenyooshwa, hina imekaukia, hawezi kushika kitu wala kujifuta machozi. "Mama, alikuwa anazungumza na Lokesh. Lokesh anajua. Nilimwambia mimi."

Mambo yalitoka hapo kidogokidogo. Siku ya pili ya kuonana, kwenye kibanda cha chai karibu na shule, Bhavika alifungua kifungo cha mkono wa blauzi na kumwonyesha. Akamwambia, kama unataka kuondoka, ondoka sasa, chai nitalipa mimi. Lokesh alinywa chai yake yote. Kisha akaenda kumwambia mama yake, Kanchan.

"Huyo hakupenda," Pista alisema. Alikuwa ameketi chini, kitambaa chenye maji mkononi. "Sitakudanganya. Wiki nzima hakusema na mwanawe. Baadaye akaenda mwenyewe kwa daktari wa ngozi, akaambiwa mgonjwa wa mbalanga asiguswe na piko, linaweza kuyaongeza mabaka. Ndipo akaniita. Majani haya tumeyasaga mimi na yeye, kutoka shamba lao, kwa sababu hakuamini koni ya dukani hata moja. Nikatumwa niangalie mabaka yalipo, nipake kwa uangalifu. Basi. Huo ndio upelelezi wangu. Binti yako aliniambia hujui kwamba Lokesh anajua, ndiyo maana nikamwambia anyamaze mpaka nimalize."

"Na kwa nini mimi nisiambiwe?" Manbhar aliuliza. Hakumwuliza Pista. Alimwuliza binti yake.

Bhavika alimgeukia. "Kwa sababu ungeniambia nikanushe. Ungesema ni mafuta. Na mimi ningekutii, kama ninavyokutii siku zote."

Manbhar alichukua kitambaa mkononi mwa Pista, akapiga magoti, akaendelea kuumwagia maji ule mguu mpaka ndoo ikaisha, kisha akaenda kujaza nyingine.

Kufikia asubuhi mguu ulikuwa umetoa malengelenge manne. Daktari alitoa mafuta na kukataza kila kitu kingine: hina, poda, hata kiatu cha kubana. Mguu wa kushoto Pista aliuchora kwa hina yake, aliyoitoa mwenyewe kwenye debe alilonyeshwa na Manbhar, akaipangusa unga. Mpambaji alipokuja na masanduku yake alimpaka Bhavika uso, akamtia wanja, akampanga dhahabu kwenye mstari wa nywele, na alipofungua kopo la rangi nzito ya kufunika mguu, Bhavika akamwambia alifunge.

Kwa hiyo bibi harusi alitoka mbele ya watu na mguu mmoja uliopambwa hadi kwenye muundi na mwingine mtupu, mwekundu katikati, mweupe pembeni. Wanawake wa Pali wana macho. Manbhar aliwaona wakiinamishiana vichwa safu kwa safu. Shangazi Lehri, dada wa mumewe, ambaye hajawahi kunong'ona maishani mwake, aliuliza kutoka kwenye kiti chake mtoto amepatwa na nini mguuni.

Uongo ulikuwa tayari kinywani mwa Manbhar. Ni birika la chai lililommwagikia, angesema. Ulikuwa uongo mzuri, hata mvuke wake aliusikia. Alitazama upande wa wakwe. Kanchan, mwanamke mrefu mwenye uso mkavu, alikuwa akimtazama, na Manbhar hakuweza kusoma chochote katika uso ule. Labda anangoja nijikwae, alifikiri. Labda mambo yote ya jana yalikuwa maneno tu.

"Mwanangu ana mbalanga," alisema. "Miaka miwili sasa. Na kuungua nimemwunguza mimi, kwa piko, kwa ujinga wangu."

Mwanamke mmoja nyuma ya Shangazi Lehri alisogeza kiti chake, kidogo tu, lakini kilisikika. Bhavika hakugeuka. Alikuwa ameinamisha kichwa kama bibi harusi anavyopaswa, na chini ya shela Manbhar aliyaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Kanchan aliinuka. Watu wakampisha. Akaja, akainama mbele ya mkwe wake, akautazama ule mguu kwa karibu, akauliza kama unauma. Bhavika akasema kidogo. Kanchan akamgeukia Manbhar.

"Ungenipigia simu," alisema. Hakutabasamu. Akamwagiza Lokesh kwamba watakapozunguka moto atembee taratibu, mwenzake ana kidonda, kisha akarudi kwenye kiti chake.

Walizunguka moto mara saba, taratibu sana, hata kuhani akachanganya hesabu.

Siku ya tatu baada ya harusi Bhavika alipiga simu kutoka Sojat. Manbhar aliuliza anakula nini, analala wapi, mama mkwe yukoje. Bhavika akasema mama mkwe anamwuliza habari za mguu asubuhi, mchana na jioni mpaka anamchosha, na jana amemfokea kwa kutembea peku. Akacheka.

Manbhar aliikandamiza simu sikioni na kukisikiliza kile kicheko, akikichambua punje kwa punje. Hakuona jiwe ndani yake.

"Hebu niambie ukweli," alisema hata hivyo. "Kuna mtu amesimama hapo karibu nawe?"

"Hakuna mtu, mama."

"Haya," Manbhar alisema. "Basi niambie tena, amekufokea vipi?"