Breki za Nyuma

"Hizo dramu za breki ni sufuria za kuchemshia mayai, Mjomba! Sifungi takataka kwenye gari yangu."

"Na hizo diski umezing'oa kwenye pikapu ya kubeba mawe. Wewe unabeba nini? Nzi?"

"Nabeba spidi."

"Spidi haina kilo. Ndiyo maana nakwambia."

Kijana akasonya, akarudi chini ya gari. Miezi kumi na minne aliiunda hapo nyuma ya gereji ya mjomba wake. Mabomba kayakata na kuyachomelea mwenyewe. Injini mbele, viti viwili, bati jembamba, milango hakuna. Watu wawili wakiamua, wanaiinua nyuma bila jeki. Viti kavishona dada yake, fundi cherehani, kwa sharti moja: abiria wa kwanza ni yeye. Na siku yenyewe ni leo, saa kumi.

Dramu ndogo zilizokuja na ekseli ya nyuma alizirusha kwenye lundo la vyuma chakavu wiki iliyopita. Mahali pake sasa zilikaa diski kubwa kama sinia. Akainua gari kwa jeki, mjomba akazungusha magurudumu, yeye akakanyaga breki. Ya nyuma yakasimama papo hapo. Ya mbele yakachelewa kidogo.

"Umeona zinavyokamata?"

"Nimeona gurudumu linaloning'inia," mjomba akasema. "Shusha gari. Tumwage maji uwanjani, ukanyage kama mtu kakukatizia njia. Kwenye kiti cha dada yako weka gunia la mchanga. Ikisimama sawasawa, nanyamaza."

"Utanyamaza na kuniomba radhi."

"Na magoti nitapiga. Nenda."

Ndoo sita zikamwagwa. Kijana akalifunga gunia mkanda, akarudi nyuma mpaka getini, akaachia klachi. Gia ya kwanza, ya pili. Alipoingia kwenye maji akakanyaga kwa nguvu zake zote.

Nyuma ikafunga kabla ya mbele. Gari ikageuka kama mtu aliyeitwa jina. Ukuta ukampita machoni, likafuata geti, halafu mjomba akiruka juu ya benchi. Kisha puu! Ubavu wa abiria ukala nguzo ya zege.

Injini ikazima. Kijana alikuwa mzima. Bati lilikuwa limebonyea ndani, gunia limechanika katikati, mchanga unamwagika taratibu juu ya uzi mwekundu wa dada yake.

Mjomba akaja polepole. Hakucheka.

"Ukishika breki, uzito wote unakimbilia mbele. Gari nyepesi hivi, nyuma inabaki na nini cha kuikalisha chini? Ukiibana kuliko mbele, inateleza, inataka ikupite."

Kijana akashuka. Simu ikalia mfukoni.

"Ndiyo natoka hivi," dada yake akasema. "Nivae kitambaa au upepo utanipokonya?"

"Usije, dada."

"We! Nimefunga cherehani kwa ajili yako. Kuna nini?"

Angeweza kusema petroli imeisha. Akaangalia mchanga.

"Breki. Nilichagua vibaya. Nimekubonyezea upande wako. Njoo Jumapili."



"Wewe mzima?"

"Mzima."

"Basi Jumapili," akasema, akakata.

Mjomba alikuwa ameshachukua jeki.

"Sufuria zako unajua ulikozitupa."

Kijana akapangusa mikono kwenye suruali, akageuka, akaenda kwenye lundo la vyuma.