Ngedere Wasioonekana

Kwa mujibu wa barua yenye muhuri wa shule, iliyosomwa mbele ya baba yake na kutiwa sahihi za watu watatu, Haruna Likwata wa kidato cha tatu alikuwa amebakiziwa kosa moja tu. Akilitenda hilo, angefunga tranka lake na kurudi kwao Likawage kuamia mahindi. Kuamia si kazi ya aibu. Unapanda juu ya dungu, unakaa kutwa na debe bovu, na ngedere wakitokea unaligonga na kupiga kelele mpaka koo likauke. Lakini Haruna aliianza kazi hiyo akiwa na miaka sita, na siku alipoondoka kwenda shule ya bweni aliwatangazia wadogo zake kwamba yeye na ngedere wameachana kwa talaka tatu.

Makosa yaliyomfikisha hapo hatutayaeleza yote. Litoshe lile la tangazo. Alilichapa kwenye kompyuta ya maktaba na kulibandika ubaoni, likiwaagiza wanafunzi wote waje mstarini na ndoo zao zipimwe uzito, kwa amri ya Makamu Mkuu wa Shule. Wanafunzi mia nne walikuja na ndoo. Makamu mwenyewe, Mwalimu Saad, alipoona tangazo lina jina lake, alikwenda jikoni kuazima mizani. Alikuwa amekwisha kupima ndoo sita alipokumbuka kwamba hakuwahi kuandika kitu kama hicho.

Huyu Mwalimu Saad alikuwa mtu wa heshima nzito. Tangu ahamie shule hiyo ya pwani ya Kilwa, hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Mvua ikimkuta katikati ya uwanja, aliendelea na mwendo wake uleule, na mvua ndiyo iliyopaswa kuona haya.

Sasa kuhusu kamera. Madam Theresia, mwalimu wa Fizikia, aliikuta ndani ya kabati la maabara pamoja na projekta yake, zimeachwa na padri mmoja aliyefundisha hapo miaka mingi iliyopita. Ilikuwa kamera ndogo ya chuma, inayotiwa ufunguo kama saa ya zamani. Kaka yake Madam, aliyekuwa masomoni Ulaya, akamletea mikanda mitatu ya picha nyeusi na nyeupe na dawa za kuisafishia. Ndivyo klabu ya filamu ilivyozaliwa, na Haruna, aliyekuwa na mkono usiotetemeka kwa sababu ya mazoezi mengi ya uongo, akachaguliwa kuwa mpigapicha.

Mkanda mmoja ulikuwa na dakika nne tu. Ulipita ndani ya kamera mara mbili, nusu ya upana kila safari, na ukimaliza safari ya pili ulikuwa umerudi kwenye gurudumu lake la kwanza, kama ulivyotoka dukani. Ukiushika gizani huwezi kujua kama umetumika. Na lazima uushike gizani. Madam hakuwa na mfuko wa kazi hiyo, akaazima buibui la Bi Umi, matroni wa wasichana. Unafunga upindo na shingo, unaingiza mikono yako kupitia mikono ya buibui kutokea nje, na humo ndani unapapasa.

Wanafunzi waliuliza kwa nini wasipige kwa simu yake. Madam akasema simu inakuzoesha kufuta. "Mkanda haufuti," alisema. "Ukikosea, kosa lako linabaki na wewe." Haruna aliyasikia maneno hayo akiwa anatafuna muhogo mbichi, wala hayakumgusa.

Mkanda wa kwanza ulikwisha katika kujifunza. Wa pili alipewa Haruna afanyie mazoezi: mlingoti wa bendera, majengo, mikorosho. Wa tatu uliwekwa kabatini kwa ajili ya filamu ya Joyce. Joyce alikuwa msichana wa Mtama, mkimya, asiyependa kurudia neno. Filamu yake ilimhusu msichana anayeamka siku ya mahafali na kiatu kimoja, akazunguka shule nzima kutafuta cha pili. Alikuwa ameiandika mara kumi na moja na kuchora kila picha kwa penseli. Ingeonyeshwa Siku ya Wazazi, Jumamosi, na mama yake alikwisha kutuma salamu kwamba anakuja.

Alasiri moja Haruna alikuwa dirishani mwa maabara akiilenga mikorosho kwa uaminifu, ndipo Mwalimu Saad alipotokea kati ya miti hiyo. Alikuwa na shamba dogo la mihogo huko nyuma, na alikuwa ametoka msikitini moja kwa moja, kanzu nyeupe imemkaa sawasawa. Kundi la ngedere lilikuwa limemtangulia. Makamu akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona hakuna mtu. Kisha akapandisha kanzu magotini na kuruka.

Haruna hakuwahi kuona kitu kama kile. Mtu mzima alirusha mikono, akazunguka kama pia, akapiga magoti, akainuka, akaenda upande upande kama kaa. Haruna alirudi dirishani siku ya pili na ya tatu, mpaka mkanda ukaisha pande zote mbili. Hakuwa na mpango wowote nao. Alitaka tu uwepo.

Tatizo lilikuwa pa kuuficha, kwa maana Madam angeutaka ausafishe, na matranka ya wavulana yalikaguliwa na Makamu huyohuyo. Haruna akapata wazo alilojivunia kwa siku mbili kamili. Kopo la mkanda mpya limezungushiwa utepe, na hakuna binadamu anayelifungua mpaka siku ya kazi. Basi aliingiza mikono katika buibui la Bi Umi, akautia mkanda wa Mwalimu Saad ndani ya kopo jipya, akarudisha utepe. Mkanda mpya wenyewe, ukiwa ndani ya mfuko wake mweusi, aliuvisha soksi na kuuficha nyuma ya chupa za asidi, bila kujiuliza kwa nini asiufiche huko ule wa Makamu. Kwa Madam aliripoti kwamba mkanda wa mazoezi umeponyoka mikononi, umeingia mwanga, umefariki. Angerekebisha mambo Jumatano, siku moja kabla ya kupiga.

Alichosahau ni kwamba Joyce alikuwa Joyce. Jumanne jioni alikwisha kuuweka mkanda kwenye kamera, ili Alhamisi wasipoteze mwanga wa asubuhi. Jumatano Haruna alipokwenda kabatini alikuta kopo tupu, na kamera imechukuliwa na Madam nyumbani kwake. Alhamisi saa mbili aliwekewa kamera mkononi. Mbele yake alisimama msichana mwenye kiatu kimoja. Pembeni, kwenye mlingoti wa bendera, alisimama Mwalimu Saad mwenyewe, mikono nyuma, amekuja kuona kama klabu ina nidhamu.

Haruna aliomba wabadilishe mkanda. Joyce akauliza kwa nini. Alitafuta jibu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake uongo haukuja. Ukweli ulikuwepo karibu sana, lakini nyuma yake ilikuwepo barua, na nyuma ya barua lilikuwepo dungu la Likawage. Akasema basi tu. Akapiga dakika zote nne, vizuri kuliko alivyowahi kupiga, akijifariji kwamba huenda picha mpya huilaza ya zamani.

Haikuilaza. Ijumaa mchana waliusafisha mkanda kwenye ndoo, wakauanika, Madam akauchana katikati kwa kifaa chake chenye wembe, akauunga, na wakautazama kwenye ukuta wa maabara, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Msichana alikuwepo, akitafuta kiatu chini ya madawati. Na juu yake, mkubwa mara tatu kuliko yeye, mtu mwenye kanzu nyeupe aliruka, akazunguka, akapiga magoti. Joyce alikusanya karatasi zake za penseli, akazipanga vizuri na kutoka nje.

Jambo ambalo Haruna hakulitarajia lilikuwa la Fizikia. Katika mkanda uliopigwa mara mbili, cheupe huandika juu ya cheusi, na cheusi hakiandiki kitu. Kanzu ilikuwa nyeupe, kivuli cha mikorosho kilikuwa cheusi, na ngedere walikuwa weusi ndani ya kivuli. Kwa hiyo Mwalimu Saad alionekana wazi kabisa, na ngedere hata mmoja hakuonekana. Alikuwa anacheza peke yake hewani.

Bi Umi, aliyekuwa amefuata buibui lake, aliyaona yote akiwa mlangoni. Alisoma dua, akachukua buibui, na kufika saa ya chakula cha jioni shule nzima ilikuwa na habari. Alhamisi kila mtu alimwona Makamu amesimama kimya penye mlingoti. Kamera ikaona kingine. Mwili umesimama, jini anacheza: ushahidi gani zaidi unatakiwa? Madam alijaribu kuwaeleza kwamba picha mbili zimepandana, lakini naye hakujua ya kwanza imetoka wapi, na mwalimu wa Fizikia asiyejua si shahidi. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza alizimia kwenye foleni ya maharage. Mkuu wa Shule, ambaye hakupenda wazazi wakute watoto wanazimia, alimwomba Mwalimu Saad apumzike nyumbani Jumamosi yote. Ukaanza pia mnong'ono wa uhamisho.

Haruna alimwona akitoka ofisini kwa Mkuu. Alitembea haraka, karibu kukimbia, na hakujibu shikamoo za watoto. Hapo ndipo lile dungu la Likawage, kwa namna asiyoielewa vizuri, lilipopungua urefu. Alikwenda nyuma ya chupa za asidi, akachukua soksi, akamfuata.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Mwalimu Saad alikuwa amekaa barazani kwake bila kufanya lolote. "Umekuja kumwona mwenye jini?"

"Huna jini, mwalimu. Una ngedere." Haruna akahesabu vidoleni. "Wako saba. Mmoja mkia wake umekatika."

Mwalimu Saad akamgeukia. Kisha akasema, "Huyo wa mkia ndiye mwizi mkubwa. Wengine wanamfuata tu." Alisema kwa sauti ya mtu aliyepata mwenzake. Halafu uso ukarudi kuwa wa Makamu. "Uliwaonea wapi?"

Haruna akaeleza: dirisha, kopo, utepe, buibui. Akaweka soksi mezani. Alisema yote bila kupamba, jambo lililomchosha kuliko kulima. Mwalimu Saad alimsikiliza, akaingia ndani, akatoka na nakala ya barua yenye muhuri, akaisoma tena yote, polepole.

"Hili ndilo la mwisho," alisema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Kesho utasema mbele ya wazazi. Nami nitakuwepo."

Jumamosi asubuhi wazazi walijaa bwaloni, wengi wao watu wa mashamba kutoka Kiranjeranje, Likawage na vijiji vya jirani. Mama yake Joyce alikaa mstari wa mbele. Mwalimu Saad alisimama ukutani. Haruna akasimama mbele, akakiri, akaeleza habari ya cheupe na cheusi. Wazazi walimtazama kama watu wanavyomtazama mtoto aliyevunja chungu anayesema kimevunjwa na upepo. Minong'ono ikaanza. Ndipo Mwalimu Saad akamwambia Madam awashe projekta.

Msichana alitafuta kiatu. Mtu wa kanzu akaruka juu yake. Mzee mmoja wa Kiranjeranje, mwenye kofia ya ukindu, akainuka taratibu.

"Hao wametokea kushoto," alisema.

Mtu wa kanzu akazunguka.

"Na mmoja amempita nyuma," akaongeza mwanamke mmoja nyuma ya bwalo.

Tangu hapo ukawa mkutano wa wataalamu. Hakuna aliyemwona ngedere, na kila mtu aliwaona. Walijua kila mruko kwa jina lake: huu wa kumkata njia, huu wa kumtisha mama mwenye mtoto kifuani, huu wa kutupa gongo na kukosa. Baba mmoja alisema pale mwalimu alipopiga magoti alikosea, ngedere hupenda sana mtu akipiga magoti. Mwalimu Saad alijibu kutoka ukutani kwamba hakupiga magoti, alijikwaa kwenye shina. Watu wakacheka, wakamwonea huruma, na mmoja akaahidi kumletea mbwa. Habari za jini hazikutajwa tena.

Kiatu, ikumbukwe, hakikutazamwa na mtu. Mama yake Joyce pekee ndiye aliyemuuliza mwanawe mwishoni kama yule msichana alikipata. Joyce alisema alikipata. Kwa Haruna hakusema chochote, siku ile wala Jumapili nzima.

Hukumu ilitolewa Jumatatu. Haruna aliingia ofisini, tranka lake limekwisha kufungwa.

"Nikikurudisha Likawage," alisema Mwalimu Saad, "utaamia mahindi ya baba yako. Mihogo yangu itaamiwa na nani?"

Barua ikarudi kabatini, haikuchanwa. Soksi ilipewa Joyce, na mkanda wake ndani. Na Haruna akakabidhiwa shamba, kila siku baada ya swala ya alasiri mpaka muhula uishe.

Siku ya kwanza aliamua kuamia kwa heshima, kama mtu mwenye elimu. Alisimama wima na kuwakemea ngedere kwa maneno. Aling'olewa mashina kumi na moja, na yule wa mkia uliokatika alikula la mwisho akimtazama machoni. Siku ya pili Haruna alitazama kushoto, akatazama kulia, akapandisha suruali magotini na kuruka. Alirusha mikono, akazunguka, akaenda upande upande kama kaa, na kelele za Likawage zikamtoka zenyewe.

Alipotulia kupumua, alisikia mlio mdogo wa chuma, kama saa inayokwenda mbio. Dirisha la maabara lilikuwa wazi. Joyce alikuwa ameegemeza viwiko juu ya kizingiti, jicho moja amelifumba.

"Endelea," alisema. "Bado nina dakika tatu."