Nzi Wapole wa Ghalani

Binti alimleta nyumbani ndani ya kiganja, kitoto cha vunjajungu kisichozidi njiti ya kiberiti, na baba yake akasema neno la kwanza lililomjia kinywani: "Sasa huyo atalala wapi?"

Tangu mama wa nyumba azikwe, chumba kile kilikuwa hakijasikia swali. Baba na binti walikula kimya, wakalala kimya, kila mmoja akiogopa kumtonesha mwenzake kidonda. Sasa walikuwa na mgeni, na mgeni hawekwi hivi hivi tu.

Walianza kwa kukosea. Walimtia kwenye kopo la plastiki, fupi, lenye mfuniko laini. Akawa anateleza na kudondoka chali. Binti akauliza huku na huku shuleni, akarudi na habari: vunjajungu hujivua ngozi akining'inia kichwa chini, kwa hiyo anataka nyumba ndefu kumpita mara tatu, na dari ya kushika kucha. Wakapata chupa pana ya kioo. Fundi cherehani wa chumba cha pili akawakatia kipande cha pazia la wavu, wakakifunga mdomoni kwa mpira, wakasimamisha kijiti ndani.

"Mtazame alivyokunja mikono kifuani," baba akasema. "Utadhani shangazi yako anasubiri kuombwa radhi."

Binti akacheka mpaka akashika mbavu. Jina likawa Shangazi.

Kwa upande wa maji, baba alitaka kuleta kichupa cha kunyunyizia kutoka ghalani anakofanya kazi. Binti akamkatalia katakata. "Hicho kimelowa dawa, baba. Unataka kumuua?" Akawa anachovya vidole, anapukutia matone kwenye wavu, na Shangazi anayanywa moja moja kwa madaha. Baba alivuta kigoda kutazama. Waliongea juu ya yule mdudu, kisha juu ya shule, na mara moja, kidogo tu, juu ya marehemu.

Mwanzoni vinzi vya ganda la ndizi vilimtosha. Alipokua akavidharau, akataka mnofu. Binti akakimbizana na nzi uani, kikombe mkononi, akarudi mikono mitupu na jasho linamchuruzika.

"Usihangaike, mama," baba akamwambia. "Kule ghalani nzi wamejaa, tena wapole. Unamwokota kama punje."

Mtu mwingine angeshtuka kusikia habari ya nzi mpole. Lakini huyu wenzake walimwita Mzee Bomba, maana bomba la dawa lilimkaa mgongoni tangu ujana, akiyapulizia magunia ya tajiri ili fukusi wasiyaguse. "Dawa hii inajua mdudu ni nani na mtu ni nani," nyapara alizoea kusema, naye akiyasemea mlangoni, kitambaa puani. Wapuliziaji waliotangulia walikohoa hadi wakaisha, na kila mmoja daktari wa kampuni alimwandikia kifua dhaifu. Inaelekea vifua dhaifu vyote vya dunia viliomba kazi kwenye ghala lile moja. Wengine wamesahau; sisi tuliowazika hatujasahau. Ila mtu aliyezeekea humo haoni ajabu nzi kutembea badala ya kuruka. Kwake yeye, nzi ndivyo walivyo.

"Mzee Bomba, watu wanaiba mahindi, wewe unaiba nzi?" mpakuzi mmoja wa magunia alimtania.

"Hawa hawapekuliwi getini," akajibu, akafunga kikopo chake.

Shangazi alikula vizuri, akanenepa tumbo. Kisha akagoma kula, akapanda juu, akashika wavu, kichwa chini.

"Anataka kujivua!" binti akanong'ona. "Baba, usitingishe meza."

Walisubiri wamebana pumzi. Ngozi ikapasuka mgongoni, kichwa kikachomoza, rangi ya jani changa. Halafu miguu ikaanza kutetemeka. Ikatetemeka yote kwa pamoja, ukucha ukaachia, na mwingine, akaanguka chini ya chupa, nusu ndani ya ngozi nusu nje, akapiga mateke hewani mpaka akatulia.

Binti hakulia. Alikuwa akipekua makosa yao. "Urefu ulitosha. Wavu ulikuwepo. Maji nimempa." Akamgeukia baba yake. "Wale nzi ulikuwa unawakamataje?"

"Kwa vidole tu."

"Hawaruki?"

"Hawaru..." Baba akaishia hapo.

Alitoka nje akaegemea ukuta. Aliporudi alimkuta binti amechuchumaa mbele ya beseni, povu la njano limempanda hadi viwikoni, anasugua ovaroli ya baba inayonuka dawa, kama afanyavyo kila jioni, kazi aliyoirithi kwa mama yake.

"Toa mikono!" akafoka. Maji yakamwagika. "Toa mikono humo, mama. Toa!"

"Nani atafua?"

"Mimi."

"Na kesho, baba? Na kesho kutwa?"

Baba aseme anaacha kazi? Chumba chenyewe ni cha kampuni; ukiacha kazi, kitasa kinabadilishwa kabla hujakunja godoro. Amfuate nyapara na mdudu mfu kiganjani? Wangemcheka mpaka getini, na getini wangemwacha hapo hapo.

Akavuta beseni kwake, akafua. Binti alisimama mlangoni amenyoosha mikono mbali na mwili, kana kwamba si yake na hajui aiweke wapi. Alingoja baba yake aseme kitu. Baba akasugua kola, akasugua tena pale pale.

Kulipokucha ovaroli ilikuwa bado mbichi. Akaivaa hivyo hivyo. Alimwita binti "Mama" mara moja, taratibu. Binti akajifunika shuka, akajifanya amelala, naye akaenda kazini.