Rangi ya Shamba la Shangazi Syombua

Usiku wa kuamkia leo niliota niko ofisini, nachora ramani ya bonde la Mto Kithima: udongo upi utabaki mvua ikinyesha, na upi utakwenda na maji. Kijani, unabaki. Nyekundu, unakwenda. Kazi hiyo naijua nje ndani, kwa hiyo nilipofika kwenye shamba la Shangazi Syombua, penye mteremko mkali, nilipaka nyekundu bila kusita.

Mara mlango unafunguliwa. Udongo wa shamba lile unaingia, mkeka kwapani.

“Nimekuja kuaga,” unasema. “Umenipaka nyekundu. Njia ya baharini ni ipi?”

Nikauelekeza. Kazi ni kazi.

Nyuma yake akaingia Mvua, akakaa kwenye benchi la wageni. “Mimi nangoja rangi tu, nianze.”

Halafu Shangazi mwenyewe, jembe begani. “Mutheu! Unanifukuzia udongo? Nipande mahindi kwenye mwamba?”

“Mteremko ni mkali, Shangazi.”

“Si tuliukata matuta, mimi na wanawake wenzangu wa mwethya, tukisaidiana? Ramani yako haioni?”

Ramani ikakohoa. “Mimi nimetokana na picha za angani. Matuta sikuyaona. Niliona mlima tu.”

Hapo moyo ulinipasuka, maana shamba lile ndilo lililonisomesha. Nikachukua penseli ya kijani.

“Sipaki nisipopakanyaga,” penseli ikasema.

Papo hapo ofisi ikawa mteremko. Tunapanda tuta baada ya tuta, penseli imetangulia, inapaka. Kwenye tuta la juu kabisa inasimama.

“Hapa pamebomoka.”

“Kidogo tu,” anasema Shangazi, akitazama pembeni.

Mvua anavua koti. “Nimechoka kungoja.”

“Utangoja,” namwambia. “Mwenye ramani ni mimi.”

Akavaa koti lake. Wanawake wa mwethya wakatokea mitaroni na wimbo wao, wakachimba, wakajaza, wakashindilia. Likabaki tundu moja, kiasi cha mguu wangu. Nikavua kiatu cha kushoto, nikakisokomeza humo, wakafukia. Penseli ikapaka. Udongo ukarudi, ukatandika mkeka wake. Mvua akanyesha kwa adabu.

Simu ndiyo iliyoniamsha.

“Mutheu, mwanangu, umeamkaje? Huku kumenyesha usiku kucha, na udongo wangu wote upo! Nilikuwa na wasiwasi na lile tuta la juu, lilibomoka wiki iliyopita na sikumwambia mtu. Sasa nimelikuta zima. Ila kuna kisigino cha kiatu kimechomoza, cha ngozi, kama vile vyako vya ofisini. Nikichomoe?”

Niliinama nikachungulia uvunguni. Kiatu cha kulia kilikuwa peke yake.

“Usithubutu, Shangazi,” nikamwambia.

Nikaenda kazini na ndala, na kwenye ramani halisi nikaifuta ile nyekundu ya shamba lake.