Shuka Lisilokauka

Jumamosi ya onyesho, saa nane mchana, Ininahazwe alikuwa amesimama juu ya dawati, misumari mdomoni, akitundika shuka la mama yake kwenye boriti ya ukumbi wa shule, Kitanga. Lilikuwa shuka jeupe la kitanda kikubwa, lenye kiraka pembeni. Hilo ndilo lililokuwa jukwaa zima. Kikundi chao cha maigizo hakikuwa na mbao wala rangi za kuchora mandhari. Kilikuwa na shuka, simu yake, na projekta ya Abbasi, mwenye kibanda cha video Kasulu mjini, aliyekuja nayo kwa bodaboda ameipakata kama mtoto wa kwanza.

Igizo lilihusu chemchemi. Marehemu baba yake ndiye aliyeichimbua, na kijiji kizima kilikuwa kikiteka hapo mpaka Reverien, mwenye shamba la pale, alipoizungushia seng'enge ili maji yote yaende kwenye mabwawa yake ya samaki. Walipolalamika ofisi ya kijiji, waliambiwa suala linashughulikiwa. Tangu hapo mama yake, Immakulata, mwenye nyonga mbovu, aliamka kabla ya jogoo kwenda mtoni kule bondeni na kurudi na dumu kichwani. Ininahazwe alikuwa amechoka kumsikia akiguna kila alipolitua. Alitaka kitu kimoja tu: mgeni rasmi kutoka wilayani aione chemchemi ile kwa macho yake, maana kuifuata kwa miguu alishakataa, njia ina matope.

Picha alikwenda kuipiga mwenyewe. Alipenyeza mkono wenye simu katikati ya nyaya, ukachubuka mpaka kwenye kiwiko, ili seng'enge isionekane. Ikatoka chemchemi peke yake: jiwe, majani, maji yakibubujika.

Abbasi alianza kulalamika hata kabla ya kuchomeka waya.

"Dada, projekta ikikaa mbele, vivuli vya waigizaji vitajaa kwenye shuka. Watu watatazama vichwa tu."

"Basi iweke nyuma ya shuka."

"Nyuma nako shuka kavu linameza mwanga. Lilowesheni, ndipo picha ipite."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Abbasi ni mlalamishi wa kuzaliwa, lakini hapo alisema kweli. Tatizo ni kwamba maji yaliyokuwemo ukumbini yalikuwa dumu la Immakulata tu, alilolileta asubuhi ili waigizaji wanywe. Ininahazwe alilitazama dumu, akamtazama mama yake aliyekaa ameegemea upande mmoja, akaona haya.

"Mama, hilo dumu..."

"Mwaga, mwana wanje. Nimelibeba litumike. Au ulidhani nimelileta tulitazame?"

Basi wakalimwagia shuka dumu zima, wakaziba madirisha kwa magunia na mablanketi, na watu wakaingia. Mgeni rasmi alikaa mbele na Reverien safu ya tatu. Projekta ilipowashwa, chemchemi ikajaa kwenye shuka, kiraka kikaangukia pale pale kwenye jiwe.

Divine, aliyeigiza mama wa nyumba, alikuwa ameelekezwa ainame na kibuyu, ajifanye anateka. Aliinama, kibuyu kikajaa. Kwa kuwa alikuwa na kiu, alikunywa kwanza, kisha akaendelea na maneno yake. Maji yakashuka kutoka kwenye shuka, yakafuata sakafu, yakafika safu ya mbele. Mgeni rasmi akainua viatu.

"Jamani, kebo yangu!" Abbasi alipiga kelele kutoka nyuma, akatafuta tofali la kuipandisha.

Wanawake wa Kitanga hawakungoja igizo liishe. Walikwenda nyumbani wakarudi na madumu, wakayapanga kwa kufuatana kama walivyokuwa wakifanya chemchemini, dumu likimshikia mtu nafasi yake. Yaliyokosa pa kukaa yaliwekwa kwenye viti, hivyo mgeni rasmi akajikuta amebanwa na madumu mawili ya manjano. Kisha wakamwita Immakulata mbele, kwa sababu siku zote aliyetangulia kuteka alikuwa mtu wa nyumba ya mchimbaji. Alikinga kiganja, akaonja.

"Ni yenyewe," alisema. "Ina ule uchungu kidogo wa mizizi."

Nyuma ya shuka Ininahazwe alilia kwa furaha, wala hakujificha. Alikuwa ametaka chemchemi ionekane tu, maji hakuyawaza.

Mgeni rasmi alipewa nafasi ya kusema. Aliwapongeza vijana kwa ubunifu, akasema suala la chemchemi linashughulikiwa, akaomba kiti kikavu. Reverien naye alisimama akasema maji yale ni yake, maana picha imepigwa shambani kwake, na shuka nalo lizungushiwe seng'enge. Akajibiwa kwamba hilo pia litashughulikiwa. Kesho yake aliongeza waya pale ulipopita mkono wa Ininahazwe.

Shuka lilianikwa, likakataa kukauka kiangazi kizima. Kila Jumamosi wanalitundika, watu wanateka maji ya wiki nzima, na Abbasi anawasha projekta huku akilalamika kwamba wateja wake wa kutazama mpira wanamkimbia. Immakulata sasa anaamka jua likiwa limepanda. Analala kwenye godoro tupu, maana shuka liko kazini, na anasema hajawahi kulala vizuri hivyo.

Juzi mke wa Reverien alikuja na dumu, kwa sababu maji ya kwake yananuka samaki. Wapo waliotaka kumfukuza.

"Mwacheni," alisema Immakulata. "Weka dumu lako nyuma ya la mwenzio, mama. Foleni ni foleni."

Wanawake wa Kitahana, kule Kibondo, nao wametuma salamu: kisima chao kimezungushiwa, je, jambo hili kwao litawezekana? Ininahazwe aliwajibu watafute shuka jeupe na dumu moja la maji yaliyobebwa kichwani. Akaweka simu kwenye chaji. Kisha akatafuta shati la mikono mirefu, maana seng'enge ya huko, wamesema, nyaya zake zimebanana zaidi.