Risasi ya Kuuma

Mzee Mvuke, mpiga pasi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli, alishasema "ndiyo, bosi" kabla hajajua anakubali nini. Ndivyo ilivyo pale: meneja akikuambia jambo mbele ya watu, ukiitika limepita, huna pa kurudia. Na meneja mgeni alimwaga Kiingereza chake huku akimkazia macho yeye tu. Msimamizi akatafsiri neno kwa neno: "Anasema paka ameshatoka guniani, kwa hiyo wewe, mzee, uume risasi."

Jioni alimwendea binti yake, aliyesoma kidogo.

"Paka ni siri, baba. Zamani huko kwao, tapeli wa sokoni anakuuzia kitoto cha nguruwe ndani ya gunia. Ukilifungua, paka huyo anatoka, siri imefichuka."

"Siri gani sasa?"

"Kwani hakusema?"

"Angesema ningekuja kwako? Na risasi?"

"Askari akikatwa mguu bila dawa ya ganzi, anapewa risasi aiume asipige kelele. Maana yake vumilia."

"Anayekatwa ni nani?"

Binti aliinamisha macho. "Labda ni wewe, baba."

"Ona! Tangu mama yako atangulie nimebaki na pasi tu. Wakubwa hawa, hata wakikuchinja, kwanza wanakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa!"

Asubuhi alimbana msimamizi kwenye rundo la mashuka. "Mwanangu, jana nilikubali nini?"

"Mzee, usinitie matatani. Nikimuuliza, ataona sijui Kiingereza."

"Kwa hiyo hujui?"

"Sijui. Na mimi niliitikia tu."

Hawajamaliza, wapagazi wakaingia na mashine ya kupigia pasi, kubwa kama kabati, wakaisukuma hadi kando ya meza ya Mzee Mvuke. Kichwa kikazidi kumzunguka: ameletewa msaidizi, au ameletewa wa kumtoa kazini? Meneja, aliyeingia nyuma yao, alimpiga begani, akacheka, akatupa msemo mwingine. Watu wote wakawa wanangoja ile ndiyo.

"Siitiki," alisema Mzee Mvuke. "Muulize kwanza. Kesho nipo au sipo?"

Msimamizi alimgeukia meneja, akauliza. Meneja alikunja uso, akajibu kwa ufupi.

"Upo, mzee. Mpaka wenzako waizoee mashine."

"Halafu?"

Msimamizi akamgeukia meneja tena.